Upana wa Boriti

Ukiingia nyumba ya zamani pale Lamu mjini, ile ya mawe ya matumbawe na kuta nene, kitu cha kwanza utakachogundua ni kwamba vyumba ni vyembamba. Virefu ni virefu, unaweza kupanga kitanda, kiti na kasha vikifuatana kwa mstari na nafasi ibaki. Lakini upana? Mita mbili na nusu, labda tatu. Mgeni akiambiwa hii ilikuwa nyumba ya tajiri wa karne ya 18 anashangaa. Huyu mtu alikuwa na pesa za kuchongesha vidaka ukuta mzima, akawa na sahani za kaure za kupanga kwenye hivyo vidaka, na bado akalala kwenye chumba chembamba kama korido?

Jibu liko juu ya kichwa chako. Dari imebebwa na safu ya miti iliyolazwa kutoka ukuta huu hadi ule, na miti hiyo ndiyo boriti. Chumba kilipewa upana ambao boriti ingeweza kuuvuka, basi. Tajiri alikuwa na kipimo kile kile alichokuwa nacho jirani yake.

Wengi wetu tuliokulia bara, neno boriti tulilisikia kwanza kanisani, kwenye ile habari ya kibanzi kilicho kwenye jicho la mwenzako. Mimi nilidhani ni neno la Biblia tu, kama manemane. Hakuna aliyeniambia kwamba ni kitu unachoweza kukigusa, kwamba kina bei na vipimo, na kwamba kwa zaidi ya miaka elfu moja watu wa pwani yetu wamekuwa wakikisafirisha hadi Uarabuni na Uajemi.

Boriti hutoka kwenye mikoko. Na mikoko si mti mmoja, ni ukoo: kuna mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyosimama kama miguu ya buibui, kuna mkandaa, muia, mchu, mlilana na mkomafi. Kila mmoja una kazi yake. Mlilana hutoa mataruma, zile mbavu za chombo cha baharini. Mchu huchomewa chokaa. Mkomafi ni wa maseremala. Lakini kwa kujenga, wafalme ni mkoko, muia na mkandaa, kwa sababu hao hukua wamenyooka.

Hii miti inaishi pale ambapo miti mingine inakufa, kwenye tope lisilo na hewa, maji ya chumvi yakija na kuondoka mara mbili kwa siku. Hukua polepole, na mti wake unashikana. Ukiuangusha mbichi majini hauelei kwa raha, unataka kuzama. Halafu umejaa tanini, ule uchungu unaokausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokolea sana, na mchwa hawaupendi kabisa. Maganda yake yaliuzwa kwa watu wa kulainisha ngozi. Mti wenyewe ukikaa pakavu, ndani ya nyumba, unadumu vizazi na vizazi. Zipo dari Lamu ambazo zimezika wenye nyumba wote walioishi chini yake.

Sokoni hakuna anayesema tu "mti". Kuna fito, nyembamba, za kusukia ukuta wa nyumba ya udongo. Kuna pau za kubebea makuti. Kuna mazio, halafu boriti zenye unene wa sentimita 12 hivi, halafu nguzo. Zinahesabiwa kwa korija, na korija moja ni miti 20. Shikilia hiyo hesabu, tutairudia.

Sasa, kwa nini mita tatu? Mkoko unaweza kurefuka zaidi ya hapo. Shida ni mzigo. Juu ya boriti fundi alipanga vipande bapa vya matumbawe, akamwaga kifusi na chokaa, watu wakapiga na kupiga mpaka dari ikawa kama jiwe moja. Hizo ni tani za mawe zilizokaa juu ya watu waliolala. Na mti una hesabu yake: ukiongeza urefu wake mara mbili chini ya mzigo wa aina hiyo, nguvu ya kuupinda haipandi mara mbili, inapanda mara nne. Mafundi wa Lamu hawakuhitaji kalamu kulijua hilo. Walikuwa wameona boriti zikilegea.

Kwa hivyo hawakupanua chumba, waliongeza vyumba. Unaanzia daka la mlangoni, unapita kiwanda, yaani ua wa ndani, halafu misana inafuatana mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja una upana wa boriti, mpaka unafika ndani kabisa, kule kwa wenyewe. Wasomi wa usanifu wana mengi ya kusema kuhusu mpangilio huu: faragha, heshima, mgeni aishie wapi na mtu wa nyumbani aingie hadi wapi. Nakubali yote. Lakini naona kabla ya heshima kulikuwa na mti, na heshima ikajipanga kufuata urefu wa mti.

Lamu mjini iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Miongoni mwa sifa zilizotajwa ni ujenzi wake wa matumbawe na miti ya mikoko.

Lakini boriti nyingi hazikubaki Lamu. Majahazi ya Ghuba yalikuja na kaskazi, Desemba hadi Machi, yakiwa na tende, chumvi, mazulia na makasha. Kusi ilipoanza kuvuma, yakageuza tanga kurudi kwao, na tumboni mwake mlikuwa na boriti. Kule walikokwenda, Kuwait, Bahrain, Basra, pwani ya Uajemi, kuna mawe, kuna udongo, kuna mitende, ila hakuna msitu wa miti minyoofu migumu. Boriti zetu waliziita chandal. Walizilaza ukuta hadi ukuta, juu yake mianzi, juu ya mianzi mikeka, juu ya mikeka udongo. Na vyumba vyao vikawa na upana ule ule, mita tatu hivi. Fikiria hilo kidogo. Mtu wa Muharraq na mtu wa Pate, ambao hawakuwahi kuonana, walilala kwenye vyumba vya kipimo kimoja kwa sababu dari zao zilitoka kwenye tope moja.

Ni biashara ya zamani kiasi gani? Katika karne ya 10, mwanajiografia wa Uajemi aliyeitwa al-Istakhri aliielezea Siraf, bandari tajiri ya upande wa Uajemi. Alisema nyumba zake zilikuwa za ghorofa, na zilijengwa kwa msaji na miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj. Zanj ni sisi, pwani hii. Hakuitaja mikoko kwa jina, ila wanahistoria wengi husoma hapo boriti, na mimi sioni mti mwingine ambao ungebebwa umbali huo kwa wingi huo. Mwaka 977 tetemeko la ardhi liliivunja Siraf. Kwa hivyo tayari wakati huo, kabla ya huo mji wa Lamu tunaoupiga picha leo kujengwa, miti kutoka huku ilikuwa inaporomoka na kuta za watu kule.

Na huku kwetu je? Kisiwani Pate, kwenye magofu ya Shanga, Mark Horton na wenzake walichimba miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe. Chini ya mawe wakakuta alama za msikiti mwingine, na chini yake mwingine tena, midogo, ya karne ya 8, ya miti. Miti yenyewe ilikuwa imeoza zamani. Kilichobaki ni matundu ardhini pale nguzo ziliposimama.

Kabla sijaacha chuo nilikaa muhula mzima kwenye somo la biashara ya Bahari ya Hindi. Pembe za ndovu, watumwa, dhahabu ya Sofala, nguo za Gujarat. Boriti ilipata nusu sentensi, katikati ya orodha, kati ya ambari na ngozi za chui. Naelewa kwa nini. Pembe inang'aa, dhahabu ina wafalme, na utumwa ni jeraha ambalo ni lazima lisemwe. Boriti ni nzito, ya bei ndogo, haiwekwi kwenye kabati la kioo la makumbusho. Iko juu ya kabati, imebeba paa la hayo makumbusho, na hakuna anayeiangalia. Ila ukiniuliza ni bidhaa gani ya pwani yetu iliyoishi na watu kila siku, waliyoamka wakaiona kabla ya kuona kitu kingine chochote, sitakutajia pembe.

Safari za mwisho mwisho za biashara hiyo zina shahidi. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alipanda jahazi kubwa la Kuwait pale Aden mwishoni mwa 1938. Nahodha alikuwa Ali Nejdi. Walishuka na pwani mpaka Unguja, na mwaka 1939 wakaingia delta ya Rufiji kupakia boriti za kurudi nazo Kuwait. Kitabu chake, Sons of Sindbad, kilitoka mwaka 1940. Ni kitabu cha mzungu wa wakati wake na kuna kurasa zinazoudhi. Hata hivyo sehemu ya Rufiji ni ya kusomwa: matope, mbu, homa, na mabaharia wanaoimba kutwa huku wakijaza chombo mti mmoja baada ya mwingine. Miaka saba baada ya safari ile, 1946, Kuwait iliuza nje mafuta yake ya kwanza. Mafuta yakaleta saruji na nondo. Nondo haijali mita tatu. Vyumba vya Ghuba vikapanuka, na oda za boriti zikaanza kupungua.

Villiers aliondoka na jahazi, na historia karibu yote ya boriti huondoka hivyo hivyo, na nahodha, na tanga, na upepo. Mimi nilitaka kubaki kwenye tope. Kwani nani alikuwa anaikata?

Lamu, jibu kubwa ni Wabajuni, watu wa Faza, Siyu, Ndau, Kizingitini na vijiji vinavyopakana na mikoko. Nilikwenda Faza nikakaa barazani na mzee mmoja aliyefanya kazi hiyo tangu ujana mpaka mgongo ukakataa. Nilimpa shikamoo, akaniita mwanangu, halafu akanieleza kazi kama mtu anayemweleza mjukuu jinsi ya kupika chai, bila haraka na bila kujisifu.

Kwanza bamvua. Huendi mikokoni siku yoyote unayotaka, unasubiri bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, ndipo mashua inafika mbali ndani ya mkondo. Mnakaa huko siku kadhaa, mna maji ya kunywa ya kubeba, unga, chai na sukari. Maji yakipwa mnaingia. Tope linakufika magotini, mahali pengine mapajani, na mizizi haikupi pa kukanyaga. Shoka lazima liwe kali sana, kwa sababu mkoko unalirudisha. Ukishaangusha unatoa matawi, unaweka mti begani, unaanza kurudi nao ukingoni kwenye tope lile lile. Maji yakijaa mnapakia. Usiku ni wa mbu.

Halafu malipo, na hapa ndipo korija inarudi. Mkataji alilipwa kwa korija. Mwenye leseni na mashua, tajiri, ndiye aliyetoa chakula cha safari kwa mkopo, na ndiye aliyehesabu miti pwani. Mti uliopinda kidogo aliukataa. Mti mwembamba wa boriti akauita mazio. Kwa hivyo ulirudi na miti 20 begani, ukaambiwa una 17, na deni la unga liko pale pale. Mzee aliyasema haya akicheka. Sikucheka naye.

Lile jicho la tajiri limeuandika msitu mzima. Kwa mamia ya miaka kilichotakiwa kilikuwa mti mnyoofu, wa unene wa boriti au mazio. Mnyoofu ulikwenda, uliopinda ulibaki, na uliopinda ndio uliozaa. Watafiti wa misitu wanalisema hili kwa lugha yao, kwamba uvunaji wa kuchagua hushusha ubora wa msitu. Ukipita na boti kwenye baadhi ya mikondo ya Lamu utaona miti mingi, kijani kibichi, ukadhani haijaguswa. Angalia mashina. Nguzo za kujengea ni za kutafuta.

Kwa hivyo sisemi wakataji hawakuharibu. Walikata, na boriti zilipungua. Ninachosema ni kwamba kila mara serikali ilipoamka kuokoa mikoko, ilimwona mtu mwenye shoka kabla ya kumwona mtu mwingine yeyote. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilitangaza mikoko yote ya pwani ya Kenya kuwa msitu wa serikali. Msitu ambao vijiji vilikuwa vinaujua kwa majina ya mikondo ukawa kitu cha kuombea kibali. Mwaka 1982 usafirishaji wa boriti nje ya nchi ukapigwa marufuku kwa amri ya rais. Miaka elfu moja ya njia ya Ghuba ikafungwa kwa tangazo. Lamu, ambayo ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya na haikuwa na kiwanda wala barabara ya maana, ikabaki na soko la nyumbani tu.

Februari 2018 ikaja marufuku ya kukata miti katika misitu yote ya umma, mikoko ikiwemo. Ilitangazwa na William Ruto akiwa naibu wa rais. Ilikuwa ya siku 90. Ikaongezwa, ikaongezwa tena. Mwaka 2023 aliyetangaza kuiondoa ni huyo huyo Ruto, sasa akiwa rais. Kwa Lamu masharti yalikuwa yamelegezwa mapema, lakini tayari kulikuwa na nyumba zilizokuwa zimelala njaa. Chanzo cha marufuku, mnakumbuka, kilikuwa mito kukauka na misitu ya milimani kufyekwa. Mkataji wa Ndau hajawahi hata kuuona Mau.

Linganisha na haya mengine. Mwaka 1988 maelfu ya tani za mafuta yalimwagika kwenye hori la Makupa, Mombasa, na mikoko ikafa imesimama. Kati ya Gongoni na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, mikoko ilifyekwa na mabwawa ya chumvi yakachimbwa mahali pake; mti uliokatwa kwa shoka unaweza kuota tena, lakini bwawa la chumvi haliotoi kitu. El Niño ya 1997 na 1998 ilishusha udongo wa mashamba ya bara ukafukia mizizi kule Mwache. Halafu bandari mpya ya Lamu, iliyofunguliwa Mei 2021. Kuichimba kulikula mikoko na mahali pa kuvulia. Mwaka ule ule wa 2018, miezi michache tu baada ya mkataji kuambiwa aweke shoka chini, Mahakama Kuu kule Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya mradi huo. Walikwenda kortini, wakashinda. Korija ngapi za boriti ni sawa na bandari moja, hilo sijaona mtu akilipigia hesabu.

Leo ukipita kwenye mjengo Mombasa, miti inayoshikilia zege mara nyingi ni mikaratusi iliyoshushwa na lori kutoka bara. Ni nyepesi, inapatikana, na mwaka kesho itakuwa kuni. Fundi anayekarabati nyumba ya zamani Lamu hawezi kuitumia hiyo. Anahitaji boriti ya kweli, na kule Ghuba, ambako nao sasa wanazikarabati nyumba za mababu zao, wenzake wanahitaji chandal ile ile.

Lakini kuna biashara mpya. Gazi, upande wa Kwale, mikoko ilikuwa imekatwa sana miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda. Mwaka 1991 watafiti wa taasisi ya bahari na uvuvi walianza kuipanda upya pamoja na wanakijiji, na baadhi ya miti ile sasa imefikia unene wa boriti. Haikatwi. Tangu 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, kijiji kinauza hewa: takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, kutoka kwenye hekta 117 za mikoko. Pesa zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule, na safari hii anayezihesabu ni kamati ya kijiji, si tajiri aliyesimama pwani. Mnunuzi bado yuko ng'ambo ya bahari, kama zamani, ila sasa analipia mti ubaki wima.

Nilimweleza mzee wa Faza habari za Gazi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: hao wazungu wanalipa kwa korija au kwa nini? Nikamwambia kwa tani. Akataka kujua nani anapima.